Spika za nje kwa kicheza muziki cha mkononi: sisi wa Lamu na Malindi tuanze na mahali, kisha kifaa

Mleta uzi (Lamu)

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Kila kaskazi inapokaribia watu huanza kuulizana ni spika gani inayofaa kusikilizia muziki nje: darini baada ya isha, kwenye ufuo wa Shela, ndani ya mashua inayovuka kwenda Manda, au kwenye bustani ya nyumba kule Malindi. Majibu huwa ni jina la kampuni na idadi ya wati, na mnunuzi huenda dukani akiwa na vitu viwili hivyo tu kichwani. Naona tunaanzia mahali pasipofaa. Hoja yangu ni kwamba anayesikiliza nje apime kwanza atakaa wapi na umbali gani kutoka kwenye spika, kisha aangalie kicheza muziki chake kina njia gani ya kutoa sauti, halafu afikirie chumvi. Jina la kampuni lifuate hapo, na wati ziwe za mwisho kabisa. Nitaeleza kwa kirefu, na mwenye kujua zaidi aongeze.

Ndani ya chumba, kuta na sakafu humrudishia msikilizaji sauti, ndiyo maana spika ndogo huweza kuujaza ukumbi wa nyumba ya mawe. Nje hakuna kinachorudisha. Sauti ikitoka imekwenda, na kanuni yake ni kwamba kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Tuchukue spika inayotoa desibeli 85 kwa aliyekaa mita 1 mbele yake. Kwenye mita 2 zitakuwa 79, kwenye mita 4 zitakuwa 73, na kwenye mita 8 zitabaki 67, ambazo hazipiti sana mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa pamoja, yaani takriban 60. Anayetaka kuzirudisha desibeli 12 zilizopotea kati ya mita 2 na mita 8 kwa kununua spika yenye nguvu zaidi ajue kwamba kila desibeli 3 zinadai wati maradufu, na desibeli 12 zinadai wati mara 16. Kwa hiyo spika ya wati 10 iliyo mita 2 kutoka kwenu inawafikia sawasawa na ya wati 160, yenye ufanisi uleule, iliyo mita 8. Kuisogeza spika hakugharimu senti moja.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotulinda na jirani. Nyumba zetu za mtaa wa Mkomani zimebanana, dari ya huyu inatazamana na dari ya yule, na wako wagonjwa, wako watoto, iko misikiti. Ukiweka spika kubwa ukingoni mwa dari, mita 8 kutoka kwa wageni wako na mita 8 kutoka kwa jirani, jirani anasikia kama wanavyosikia wageni, naye hakualikwa. Ukiweka spika ndogo mita 2 kutoka kwa wageni, na jirani akawa mita 16, kwake yeye sauti imeshuka kwa desibeli 18. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinauhesabu usiku kuanzia saa mbili na kuweka kiwango cha desibeli 35 katika maeneo ya makazi wakati huo. Hicho ni kiwango cha chini sana. Hata bila kanuni, mtu muungwana hupunguza sauti azana inapoanza na huzima wakati wa swala. Basi na achague spika yenye vitufe anavyoweza kuvifikia upesi bila kutafuta simu.

Kwa sababu hiyo, nikiulizwa kati ya spika moja kubwa na mbili ndogo zenye bei sawa, kwa matumizi ya nje nachagua mbili ndogo bila kusita. Moja hukaa upande huu wa jamvi na nyingine upande ule, kila msikilizaji anakuwa karibu na mojawapo, na hakuna anayelazimika kupiga kelele ili asikike na aliye jirani yake.

Besi ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Sauti ya mitikisiko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, na koni yenye upana wa kiganja haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha kulijenga wimbi hilo mahali pasipo kuta. Zaidi ya hayo, spika nyingi za kisasa zina programu ndani yake inayoongeza besi sauti ikiwa ya chini na kuipunguza sauti inapopanda, ili koni isipasuke. Ile besi tamu uliyoisikia dukani, spika ikiwa juu ya kabati na imefunguliwa kidogo, haitakuwapo ufukweni utakapoifungua yote. Dawa ya bure ipo: iegemeze karibu na ukuta, au bora zaidi kwenye pembe ya kuta mbili. Ukuta mmoja huweza kuongeza sauti za chini kwa hadi desibeli 6, na pembe huongeza zaidi. Darini, ukuta wa ukingoni unatosha. Nyumbani, pembe ya daka au mgongo wa baraza. Zile spika za umbo la mtungi zenye vitando vinavyotikisika katika ncha zake mbili zisizibwe ncha hizo, wala zisizikwe mchangani.

Upepo nao una kauli. Upepo huenda kasi zaidi juu kuliko chini, kwa hiyo sauti inayosafiri pamoja nao huinamishwa kuelekea ardhini, na ile inayopingana nao huinuliwa ikapita juu ya vichwa. Wakati wa kusi weka spika upande wa kusini mwa watu. Wakati wa kaskazi, upande wa kaskazini mashariki. Jioni, hewa iliyo juu tu ya maji inapokuwa baridi kuliko ile iliyo juu yake, sauti huinama na kusafiri mbali sana juu ya bahari. Aliyeko Shela asidhani kwamba mkondo wa maji unawakinga watu wa Manda.

Sasa kicheza muziki chenyewe. Wapo wengi kati yetu ambao hawataki muziki wao uwe ndani ya simu, na wana haki: simu huita katikati ya wimbo na betri yake inahitajika kwa mambo mengine. Lakini kabla ya kununua spika, kigeuze kifaa chako ukitazame. Kama kina tundu la milimita 3.5 peke yake, bila Bluetooth, unahitaji spika yenye tundu la AUX, yaani la kupokea sauti kwa waya wa aina hiyo, na hizo zinazidi kupungua. JBL Charge 4 ya mwaka 2018 ilikuwa nalo, lakini Charge 5 ya mwaka 2021 haina; Flip 4 ya kampuni hiyohiyo ilikuwa nalo, Flip 5 na Flip 6 hazina. Charge 6 ya mwaka 2025 hupokea sauti kwa waya kupitia tundu la USB-C, lakini hilo linamfaa mwenye kifaa kinachotoa sauti kwa USB, si mwenye tundu la zamani. Anker Soundcore 2, ambayo ni ndogo na nyepesi, ina AUX. Watu hununua kwa jina, wakafika nyumbani waya mkononi, hawana pa kuuchomeka.

Mwenye Bluetooth azingatie mambo mawili. La kwanza ni umbali: vifaa vingi hufika kama mita 10 penye uwazi, na kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene mno kwa mawimbi hayo. Kicheza muziki kikiwa chumbani na spika ikiwa darini, sauti itakatikakatika, na si kosa la spika. Hata mwili wa mtu huyazuia, kwa kuwa maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4 na sisi sehemu kubwa yetu ni maji. La pili ni lugha ya usimbaji, yaani namna sauti inavyobanwa ili ipite hewani. Kila kifaa kinajua SBC, ambayo kwa kawaida hufikia kilobiti 328 kwa sekunde; LDAC ya Sony hufikia 990, lakini pande zote mbili lazima ziijue. Kwa kusikiliza nje penye upepo na mawimbi, SBC inatosha. Sitamshauri mtu aongeze pesa kwa ajili ya LDAC ufukweni.

Maji na mchanga. Alama ya IP ni kipimo cha kimataifa, IEC 60529, na tarakimu zake mbili zina maana tofauti: ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IPX7 maana yake ni kwamba kifaa kilizamishwa mita 1 kwa dakika 30 kikapona, na ile X ina maana kwamba vumbi halikupimwa. IP67 ni maji hayohayo, na juu yake vumbi haliingii kabisa. IPX4 ni kurushiwa matone tu. Kwetu sisi tarakimu ya kwanza ni muhimu kama ya pili, kwa sababu ya mchanga. Ule wa Malindi, hasa kuelekea Mambrui, una chembe nyeusi zenye madini ya chuma na titani, na ndani ya kila spika kuna sumaku. Chembe hizo zikivutwa hadi kwenye pengo jembamba ambamo koili (waya uliosokotwa unaoisukuma koni) hucheza, utasikia mkwaruzo katika kila noti, na hakuna fundi atakayezitoa zote.

Tena vipimo hivyo vyote hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Hakuna tarakimu ya IP inayozungumzia bahari. Chumvi ikikauka juu ya chuma hunyonya unyevu wa hewa kila usiku, na kutu huendelea kula hata kama spika iko kabatini. Kila inaporudi kutoka ufukweni, isuuzwe kwa maji ya kawaida, ipanguswe, iachwe ikauke kivulini. Hata ikiwa haikuguswa na maji, hewa yenyewe ina chumvi. Ninapochagua huangalia wavu wa mbele: wa kitambaa kigumu au wa plastiki hudumu kuliko wa chuma kilichopakwa rangi, ambao huanza kutoa madoa mekundu kabla ya masika ya pili.

Na wati, kama nilivyosema, mwisho. Hesabu inayosaidia zaidi ni ya betri. Flip 6 ina betri ya mAh 4800, ambayo ni kama wati-saa 17, na kampuni inaahidi saa 12 za kucheza. Gawanya: wastani ni chini ya wati 1.5, ingawa uwezo wake ulioandikwa ni wati 30. Hakuna udanganyifu hapo. Muda mwingi muziki hauhitaji zaidi ya hivyo, na zile 30 ni za vilele vya sauti. Lakini hesabu hiyo inakufundisha kwamba saa zilizoandikwa ni za sauti ya wastani, na ukiifungua yote utapata sehemu ndogo tu ya saa hizo.

Karibuni mchangie.


Mchangiaji (Malindi)

Waalaykum salaam, kaka. Nimesoma yote na nimenufaika. Mimi nina nyumba ndogo ya wageni upande wa Casuarina, na muziki wangu wote uko ndani ya iPod Classic ambayo siko tayari kuiacha. Nataka spika za kudumu bustanini, zisizohamishwa kila jioni, kwa meza nne zilizo chini ya miti. Nimeambiwa ninunue spika moja kubwa ya sherehe yenye magurudumu. Je, ni sawa?


Mleta uzi (Lamu)

Dada, kwa heshima, ushauri huo ni wa mtu wa harusi, si wa mtu mwenye wageni wanaotaka kuzungumza wakila. Spika za sherehe kama JBL PartyBox 110 zina nguvu ya kweli, wati 160, lakini kinga yake ni IPX4, hazikutengenezwa kukaa nje mwaka mzima, na ikiwa moja peke yake, meza ya kwanza itaudhika kabla ya meza ya nne kusikia.

Kwako zinafaa spika za ukutani za nje, nne ndogo, moja kwa kila meza, zikiunganishwa kwa waya na amplifaya iliyo ndani ya nyumba mahali pakavu. Uliza koni ya plastiki ya polipropilini yenye ukingo wa mpira. Koni ya karatasi hunyonya unyevu ikalegea, na ukingo wa sifongo huoza kwa joto letu hata bila kuguswa na mvua. Kasha liwe la plastiki iliyokingwa dhidi ya jua, na vishikizo pamoja na skrubu viwe vya chuma cha pua cha daraja la 316. Daraja la 304, linalouzwa zaidi, halina molibdeni na karibu na bahari hupata madoa mapema. Usikubali kununua spika nzuri kisha fundi akaifunga kwa misumari ya kawaida. Itakayoanguka kwanza ni misumari.

Waya nao una hesabu yake. Kwa umbali wa mita 15 hadi kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa karibu omu 0.35 kwenda na kurudi, hasara ndogo isiyosikika. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.5 una omu 1 nzima. Kwangueni ncha yake kwa kisu kabla ya kulipa: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na penye chumvi hauishi. Kama siku moja utapanua hadi meza kumi na mbili, muulize fundi kuhusu mfumo wa volti 100 unaotumika hotelini, ambao huruhusu spika nyingi kwenye waya mmoja mrefu. Kwa nne huuhitaji. Ila fundi asiziunge zote nne sambamba kwenye tundu moja, kwa sababu omu 8 nne zikiwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya nyingi ndogo haziruhusu chini ya 4. Mbili kila upande, zikiwa sambamba, ni omu 4, na hiyo ni salama kwa nyingi.

iPod Classic yako haina Bluetooth, na kwa mpango huu huihitaji. Tumia waya wa milimita 3.5 hadi kwenye amplifaya. Sauti ya iPod iweke juu, karibu na mwisho lakini si mwisho kabisa, kisha urekebishe kwa kitufe cha amplifaya. Ukiiweka chini na kufungua amplifaya sana, utasikia mvumo kama wa upepo kati ya nyimbo. Apple iliacha kuitengeneza Classic mwaka 2014, kwa hiyo iwekee nakala ya muziki wote kwenye kompyuta, na ikae ndani pamoja na amplifaya. Bustanini iende sauti peke yake.


Mchangiaji (Lamu)

Bwana mleta uzi, mimi ni nahodha, nabeba wageni kwa jahazi. Spika ninazotumia zote ni zile zinazozama majini, na kweli maji hayaziui. Kinachokufa kila mara ni tundu la kuchajia. Hugeuka kijani, kisha haipokei chaji tena. Tatizo ni nini, ikiwa imeandikwa kwamba inazuia maji?


Mleta uzi (Lamu)

Nahodha, umetaja jambo ambalo halielezwi kwenye maboksi. Kinachozuia maji ni kifuniko cha mpira au gundi iliyo nyuma ya tundu. Vile vishikio vya shaba vilivyo ndani ya tundu viko wazi. Vikiwa na maji ya chumvi tu, huathirika polepole. Ukichomeka chaja vikiwa vibichi, umeme hupita ndani ya maji ya chumvi na kuuhamisha metali kutoka kwenye kishikio kimoja, na ile rangi ya kijani ni shaba iliyoliwa. Mara chache tu zinatosha kukiharibu.

Kwa hiyo usichaji ndani ya jahazi baharini, hata kama una betri ya sola hapo. Chaji nyumbani, na ikae siku nzima baada ya kusuuzwa. Kama safari ni ya siku mbili, chukua spika mbili, moja ipumzike. Chagua yenye kifuniko cha mpira kigumu kinachoingia kwa kubana, na kila mwezi kikague kama hakijapasuka. Jua nalo ni adui: betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na kifaa cheusi kilichokaa juu ya sitaha adhuhuri huifikia nyuzi hiyo bila shida. Ikiwa ya moto, iweke kwenye kivuli cha tanga mpaka ipoe.

Mahali pa kuiweka ni chini, kwenye pembe ya ubavu wa chombo, ikielekea ndani. Mbao zitakurudishia sauti ambayo vinginevyo bahari ingeichukua, na hutahitaji kuifungua yote. Usiifunge juu ya mlingoti, ingawa wengi hufanya hivyo.


Mchangiaji (Malindi)

Kaka mkubwa, shikamoo. Nimeona mjini spika iliyoandikwa wati 5000 PMPO, na bei yake ni ndogo kuliko hiyo Flip. Nyingine niliyoona ni Flip 6 iliyotumika, na rafiki yangu ana Charge 4. Nilitaka tuziunganishe ziwe mbili kama ulivyoshauri.


Mleta uzi (Lamu)

Marahaba, mdogo wangu. PMPO haina kipimo chochote kinachokubalika. Kila mtengenezaji huandika anachotaka. Kipimo cha kuuliza ni RMS, yaani nguvu ambayo spika huweza kuitoa mfululizo. Kama muuzaji haijui, soma kilichoandikwa kwenye chaja. Spika isiyo na betri inayokula volti 12 na ampea 2 haiwezi kutoa zaidi ya wati 24, kwa sababu haiwezi kutoa kisichoingia. Boksi liandike 5000 au 50,000, chaja haisemi uongo.

Kuhusu kuunganisha, Charge 4 na Flip 6 hazitakubaliana ingawa kampuni ni moja. Charge 4 hutumia mfumo wa Connect+, Flip 6 hutumia PartyBoost, na za mwaka 2025 kama Flip 7 zimehamia Auracast, ambao nao hauongei na PartyBoost. Anayetaka mbili za kushoto na kulia anunue mbili za aina moja na toleo moja, au asubiri mpaka apate ya pili kabla hajanunua ya kwanza. Nalisisitiza hili kwa sababu ushauri wangu wa spika mbili hauna faida kama mbili hizo hazijuani.

Za kutumika si mbaya, ila nenda na kicheza muziki chako mwenyewe. Mwombe muuzaji mtoke nje ya duka, mpaka barabarani, na uisikilize ukiwa hatua tano au sita mbali. Ifungue mpaka juu kabisa kwa wimbo wenye sauti ya mtu peke yake, usikilize kama inakwaruza. Iache icheze ikiwa kwenye chaji, utikise waya kidogo, uone kama inakatika. Muuzaji anayekataa haya yote ana sababu.


Mchangiaji (Lamu)

Wanangu, nimefuatilia kimya kimya. Mimi ni mtu mzima, kijukuu changu kimenihamishia kanda zangu za taarabu za zamani kwenye kifaa kidogo cha kadi. Sina wageni wala jahazi. Hukaa barazani baada ya alasiri, na ninachotaka ni kulisikia udi na maneno ya mwimbaji. Spika niliyoletewa inapiga besi tu, maneno siyapati.


Mleta uzi (Lamu)

Mzee wangu, shikamoo, na umefanya vyema kuuliza. Maneno ya mwimbaji, hasa konsonanti, yako katika sauti za kati na za juu, takriban kati ya hezi 1000 na 4000, na mpigo wa nyuzi za udi uko humohumo. Spika nyingi ndogo za siku hizi zimerekebishwa kwa muziki wa ngoma nzito, kwa hiyo hulivimbisha eneo la chini mpaka linaufunika mwimbaji. Kanda za zamani hazina besi nyingi ndani yake. Kinachoongezwa na spika ni mvumo.

Kabla hajanunua nyingine, mjukuu afungue programu ya spika hiyo kwenye simu yake, kama ipo, atafute sehemu ya kusawazisha sauti, ashushe upande wa besi na kupandisha kidogo upande wa kati. Spika nyingi huuhifadhi mpangilio huo zenyewe, nawe utaendelea kutumia kifaa chako cha kadi. Kama haina programu, huenda kifaa cha kadi chenyewe kina sehemu hiyo ya kusawazisha. Kisha iondoeni pembeni mwa kuta. Niliwashauri wengine waiweke kwenye pembe ili wapate besi. Kwako wewe ni kinyume chake. Ikae juu ya kigoda, usawa wa sikio lako, mita moja kutoka ulipo, mbali na ukuta wa nyuma kadiri baraza inavyoruhusu, na uso wake ukutazame. Sauti za juu huenda moja kwa moja na hazipindi, kwa hiyo spika iliyowekwa sakafuni inawaimbia miguu.

Ikiwa hata hivyo lazima inunuliwe nyingine, tafuteni yenye spika mbili ndani, moja ya sauti za chini na nyingine ndogo ya sauti za juu peke yake. Na jambo la mwisho kwa mjukuu: kanda nyingi za zamani zilirekodiwa kwa njia moja, na wakati wa kuhamisha, waya mbovu huweza kuipeleka sauti upande wa kushoto peke yake. Avae vifaa vya masikioni asikilize pande zote mbili. Kama upande mmoja ni kimya, aihamishe tena kwa waya mzima kabla hajalaumu spika.